Kaptula ya Mzungu kwenye Njia ya Butiama

Hakuna kitu ambacho kingeweza kunishangaza mimi. Hilo nilikuwaga nalisema kila mahali, na nilikuwa na haki ya kulisema. Mtu aliyetoka Murangi kule ziwani na kandambili za rangi mbili tofauti, akaishia kumiliki gesti ya vyumba kumi na viwili pale Bunda, maji ndani, luninga kila chumba, ashangazwe na nini tena? Nimeona ziwa likimeza mtumbwi jioni, asubuhi limetulia kama uji uliopoa. Nimeona bei ya pamba ikipanda na kushuka kabla lori halijajaa. Shule niliishia darasa la nne, lakini waliomaliza chuo wanakuja kwangu kuomba kazi ya mapokezi. Sijisifu. Ndivyo ilivyo.

Ila mwaka ule nilikuwa nimechoka, na gesti ilikuwa imechoka pamoja na mimi. Zilikuwa zimejengwa gesti mpya barabarani, zenye uwanja wa kuegesha magari na vibao vinavyowaka rangi usiku. Wafanyabiashara wa pamba niliowalaza miaka yote wakawa wananipungia mkono kutoka kwenye madirisha ya huko. Chumba kisicholaliwa kina harufu yake. Unafungua madirisha, unapiga deki, unabadilisha shuka ambazo hazijaguswa, na bado harufu ipo. Nilikuwa naamka alfajiri nazunguka vyumba vyangu mwenyewe kama mgonjwa anayejipapasa kutafuta panapouma.

Ndipo akaja dada mmoja kutoka Arusha. Kazi yake ilikuwa kuzungusha watalii kwa baiskeli. Alilala chumba namba mbili, asubuhi akatandaza ramani kwenye meza yangu ya chai. Alikuwa amechora mstari kwa kalamu nyekundu kutoka Bunda, ukapita vilimani mpaka Butiama, kwenye yale makumbusho ambayo kila Mtanzania anajua ni ya Baba wa Taifa, kisha ukateremka mpaka Musoma, kwenye mitaa ya zamani karibu na ziwa.

"Watalii wamechoka kuona simba?" nikamuuliza.

"Wapo wasiotaka simba, mzee. Wanataka vilima, miamba, na miji yenye historia. Na wanataka wachoke."

"Wachoke kwa kulipa?"

"Kwa kulipa."

Sisi huku tunachoka bure.

Nikamwambia njia hiyo ndiyo iliyonilisha. Na ni kweli. Kabla ya gesti, kabla ya duka, kabla ya kila kitu, nilikuwa nabeba dagaa kwa baiskeli. Nilikuwa nachukua magunia Murangi, na furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakiwepo, nafunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu mpaka baiskeli inanyanyua tairi la mbele kama ng'ombe anayekataa kamba, naleta Bunda, halafu napandisha mpaka kwenye minada ya huko Butiama. Wenzangu walikuwa wanashuka kwenye kilima wanasukuma. Mimi sikuwahi kushuka. Muulize mtu yeyote.

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta," akasema yule dada. "Tatizo langu ni hiki kipande cha Bunda mpaka Butiama. Wateja wangu ni watu wazima, wengi wamestaafu. Kama kipande hiki kinashinda mtu, nitaanzia safari Musoma, na Bunda tutaipita na gari tu."

"Na kama hakishindi?"

"Wakianzia Bunda watalala hapa kwako. Kila kundi, vyumba vyote."

Nilifurahi, lakini uso sikuuachia.

"Utajuaje sasa kama kinapandika?"

"Nimekuja na mteja wangu mmoja wa zamani, Mzungu, ana miaka sabini, lakini yule hata ukutani anapanda. Namtaka mtu wa kawaida. Mtu mzima, mwenye kitambi kidogo." Akaniangalia bila aibu. "Aende mpaka Butiama, kesho yake Musoma, asiingie kwenye gari hata mara moja."

Nikamwambia aandae baiskeli.

Ninataka ieleweke kwamba nilijiandaa. Nilivaa suruali yangu ya kitambaa, ile ya kijivu ya kwendea kanisani, na shati jeupe. Suti nilikuwa nimeituma Musoma na basi la asubuhi, pamoja na begi langu lote la nguo, kwa sababu nilitaka nikifika ziwani nipigwe picha nimevaa kama mwenye mali. Mke wangu aliniangalia nikitoka, akasema, "Baba, umri huo." Nikamwambia umri ni wa mwili. Sikujua ninasema nini.

Tulitoka wakati lori za pamba zinapanga foleni kwenye kiwanda. Mbele alikwenda yule Mzungu mzee, mwembamba kama spoku, nyuma yake yule dada, halafu mimi. Nyuma yangu kabisa lilikuwa gari, na dereva wake alikuwa kijana wa Arusha mwenye mdomo. Mpaka tunaliacha tangazo la mwisho la Bunda nilikuwa nawasalimia watu kwa kunyoosha mkono mmoja. Mabasi ya Mwanza yalikuwa yanatupita yakipiga honi, vumbi na moshi vinaingia kooni, lakini nilikuwa najiona mtu. Vijana wa bodaboda walinipigia makofi. Mmoja akauliza, "Bosi, pikipiki imeuzwa?"

Kwenye mwinuko wa kwanza wa maana, baada ya kuiacha lami, nikajua ile baiskeli si ya kwangu. Zile baiskeli zetu nyeusi za zamani zina bati linalofunika mnyororo. Unaweza kuvaa hata kanzu. Hii ya gia mnyororo uko wazi kama meno ya mbwa. Nikakanyaga kwa nguvu ili nisiachwe, mguu wa suruali ukaingia, ukazungushwa, na kabla sijapiga kelele suruali ilikuwa imepasuka kutoka kwenye pindo mpaka kiunoni. Nikaanguka upande, mbele ya wanawake waliokuwa wanaanika mihogo juu ya mwamba.

Dereva akasimamisha gari. "Mzee, kiti cha mbele kina kiyoyozi."

"Endesha gari lako."

"Mimi naendesha. Wewe ndiye unayeendeshwa na suruali."

Yule Mzungu akarudi. Alikuwa anajua Kiswahili cha maneno machache, na maneno hayo aliyatumia yote kwa pamoja. "Pole. Pole sana. Hakuna shida. Karibu." Akafungua begi lake akatoa kaptula nyeusi, ya kubana, imetengenezwa kwa kitu kama mpira. Ndani, pale mtu anapokalia, ilikuwa na kitu kama nepi.

"Dada," nikasema, "hiki mimi sivai."

"Vaa tu, mzee. Huku nani anakujua?"

Kila mtu huku ananijua. Lakini suruali nyingine ilikuwa kwenye basi, na basi lilikuwa limeshafika Musoma pengine, na kurudi Bunda kubadilisha ilikuwa maana yake kuingia kwenye gari. Nikaenda nyuma ya kichaka nikaivaa. Shati nililivuta chini mpaka lilipofika, na halikufika mbali.

Naomba nisielezee sana vile vilima. Aliyevipanda anavijua, asiyevipanda hatanielewa. Udongo mwekundu, halafu mchanga, halafu mawe. Miamba imepandana huku na huku kama mtu alikuwa anajenga kitu kikubwa akaitwa kula, hakurudi. Kila nilipofika juu niliona kilima kingine kimekaa kinanisubiri. Zamani nilikuwa napita hapa na gunia la dagaa nyuma, na nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa naimba. Sasa nilikuwa nimebeba tumbo langu peke yake, na pumzi ilikuwa inatoka kama ya mfuko wa fundi chuma wenye tundu. Vilima havikuongezeka. Hilo nililifikiria njia nzima. Ni vilevile, hata jiwe halijaongezwa.

Mapaja yakawa yanatetemeka yenyewe. Yule Mzungu alikuwa anakwenda mbele, anasimama, anapiga picha ya ndege, ananisubiri, ananipa maji, anasema "pole pole, rafiki," halafu anaondoka tena nikiwa bado sijarudisha pumzi. Hakuna kitu kinachochosha kama mtu anayekusubiri. Nikawa namuomba Mungu ampe pancha. Hakupata.

Tulipokaribia Butiama nilianza kuhofia jambo jingine. Wakwe zangu wako huko. Boma lao liko juu, kwenye mgongo wa miamba, na njia inagawanyika chini yake: ya juu inapita kwenye mlango wao, ya chini inazunguka nyuma ya mawe na mashamba ya mtama. Ilikuwa nia yangu tangu Bunda tupite ya chini, kimyakimya.

Kwetu mkwe haendi ukweni kama anayekwenda dukani kununua chumvi. Unatuma taarifa kwanza. Unavaa suruali ndefu na koti, hata jua likiwaje. Unasimama nje mpaka mama mkwe aambiwe umekuja, aingie ndani, ndipo wewe unakaribishwa upande wako. Mkono hampeani. Macho hamtazamani. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini, na huyo mmoja ni wewe. Mimi na mama mkwe wangu tumeishi hivyo tangu namuoa binti yake, na sijawahi kukosea. Heshima yangu ukweni ilikuwa kubwa kuliko hata gesti.

"Tushike ya chini!" nikaita.

Sauti haikutoka. Ilitoka hewa tu. Wale wawili walikuwa mbali, na yule Mzungu alikuwa ameshaona miamba. Nikamwona anashuka kwenye baiskeli, anaonyesha kwa kidole, anapinda kwenda juu, na yule dada anamfuata. Nilipofika kwenye njia panda niliwasikia huko juu wakibisha hodi.

Ningeweza kushika ya chini peke yangu. Miguu ilikataa. Nikaisukuma baiskeli mpaka nyuma ya jiwe kubwa, pale chini ya boma, nikaketi kwenye kivuli nikavuta shati. Nilisema nitasubiri. Watakunywa maji, watapiga picha, watashuka.

Nikamsikia yule dada anasema kwa sauti ya furaha, "Mungu wangu, ziwa linaonekana mpaka hapa!" Halafu akaanza kuzungumza na mtu, na huyo mtu akawa anajibu kwa lugha ya nyumbani. Nikaijua ile sauti. Jasho lililokuwa limeanza kukauka likaanza upya.

"Mzee!" akaita yule dada. "Mzee, njoo ututafsirie!"

Nikazidi kujikunja nyuma ya jiwe.

"Mzee! Uko wapi?"

Yule dereva, Mungu amsamehe, alikuwa amesimamisha gari njia panda na akaona tairi la baiskeli yangu limetokeza nyuma ya jiwe. Akapiga kelele iliyofika Butiama yote: "Jamani! Mzee amezimia!"

Nilitaka kusema sijazimia. Lakini ningesema nini kuhusu kukaa pale? Nikasikia miguu inashuka mbio, mingi, mawe yanaporomoka. Nikainuka, na kuinuka ndiko kulikonimaliza, kwa sababu kama ningebaki nimeketi labda shati lingesaidia. Akatokea yule Mzungu, akatokea yule dada, na katikati yao, ameshika bakuli la maji kwa mikono miwili, anahema, amekuja kuokoa maisha ya mtu, akatokea mama mkwe wangu.

Tulitazamana. Miaka yote ile, halafu tukatazamana.

Macho yake yalishuka mpaka kwenye kaptula. Hakupiga kelele. Aliliweka bakuli chini taratibu, bila kumwaga, akajifunika uso kwa kanga, akageuka akapanda. Nilishangaa jinsi alivyozeeka. Hilo ndilo nililolifikiria wakati ule, badala ya kufikiria aibu yangu: kumbe amezeeka hivi, na mimi sikujua, maana sikuwahi kumtazama. Siku nilipokwenda kuposa aliniletea maji kwenye bakuli, akaliweka chini hivihivi, akaondoka, nami nikaenda nikayanywa. Na haya ya leo nikayanywa. Yalikuwa ya baridi, ya mtungi.

Halafu akaja shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Ni mrefu, mkulima, na tangu tujuane hajawahi kuniacha bila kunitania. Akasimama juu ya jiwe, akaniangalia kuanzia chini mpaka juu, hakuharakisha.

"Shemeji."

"Shemeji."

"Umekuja kuogelea? Ziwa liko kule."

"Shemeji, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Kukuangalia ndiyo siwezi." Akageuza kichwa. "Mama anauliza, binti yake ameolewa na mtu gani asiye na suruali."

"Mwambie ilipasuka."

Akapanda juu, akarudi. "Mama anauliza, gesti imeanguka mpaka kiasi hicho?"

Watu walikuwa wameanza kusimama kwenye mawe, watoto na wanawake na majirani, na yule dereva alikuwa ameegemea gari anacheka hana sauti. Yule dada wa Arusha hakuwa anaelewa. Nikamwelezea kwa kifupi. Akaweka mkono mdomoni.

"Kwetu hakuna hayo," akasema.

"Kwetu yapo."

"Basi tufanyeje? Maana, mzee, nakwambia ukweli." Akanivuta pembeni. "Hapa ndipo hasa. Wageni wakifika hapa mchana, wakala kwenye hii miamba, wakaona ziwa kule, hakuna atakayelalamikia kilima. Nikipata chakula cha mchana hapa, Bunda inaingia kwenye safari. Nikikosa, sioni sababu ya kuwachosha watu. Naanzia Musoma."

Basi gesti yangu ikawa imekaa mikononi mwa mwanamke ambaye hawezi kuniangalia.

Shemeji aliita wazee wawili wa ukoo. Walikaa juu, mimi nikakaa chini nyuma ya jiwe langu, shemeji akawa anapanda na kushuka kama mtu wa posta. Nilimpelekea hoja ya chakula cha wageni na malipo yake. Waliipenda. Lakini mama, wakasema, hawezi kuwapikia wageni walioletwa na mkwe aliyemvunjia macho, mpaka macho yaoshwe.

"Nitaleta mbuzi," nikasema. Najua mila. Kwa kosa la kukutana, ni mbuzi.

Shemeji akapanda. Akashuka.

"Mbuzi ni wa mtu aliyepita kwa bahati mbaya. Wewe ulijificha."

"Nilijificha kwa heshima!"

"Mwizi ndiye anayejificha, shemeji. Mkwe anajitambulisha. Wazee wanasema mtamba."

"Mtamba! Ng'ombe mzima kwa kaptula?"

"Wanasema ingekuwa kaptula ya kawaida, ya kaki, wangesema mbuzi. Hii wanasema hawajui hata waiite nini." Akainama, akanong'ona, "Na wamemsikia yule dada anavyopasifia mahali. Usiniulize nani aliwatafsiria."

Nimeuza na kununua maisha yangu yote. Nikiwa na nguvu ningebishana mpaka jua lizame, na ningeshinda. Mtu huwa hanishindi kwenye bei. Lakini nilikuwa nimechoka. Mgongo, viganja, hata meno yalikuwa yanauma. Nilisema mtamba sawa, na blanketi la mama, na doti ya kanga, na sukari. Shemeji alishtuka nilivyokubali haraka. Nadhani alinihurumia. Akaenda ndani kwake akaniletea suruali yake. Ilikuwa ndefu mno, nikaikunja, nikaitumbukiza kwenye soksi ili mnyororo usiile.

Ukweni hutakiwi kupanda baiskeli mbele ya boma. Niliisukuma mpaka tulipopotea nyuma ya kona ya mwisho. Yule dada na Mzungu walikuwa wametangulia. Dereva akapunguza mwendo, akashusha kioo, na safari hii hakutania.

"Mzee, ingia. Simwambii mtu. Nakushusha kabla hatujafika."

Nilikiangalia kile kiti cha mbele. Sijui niliangalia kwa muda gani. Nikamwambia aendelee. Kama kuna mtu anadhani ni ushujaa, hapana. Nilihisi tu kwamba nikikaa kwenye kitu laini sitainuka tena.

Nilifika Butiama jua limeelekea kuzama. Kitanda cha pale tulipolala kilikuwa kirefu kwenda juu, nikalala kwenye mkeka. Kesho yake wenzangu wawili walikwenda makumbusho. Nilisema nimeshayaona, nikabaki nimekaa kwenye benchi nje, na ni kweli nimeshayaona. Halafu tukateremka kwenda Musoma. Wanasema kuteremka ni rahisi. Unateremka na breki mkononi, na upepo wa ziwa unakuja usoni kukusukuma urudi. Tulipita Buhare nikiwa sioni tena pembeni, naona tairi la mbele tu. Tukaingia mjini, kwenye ile mitaa ya zamani yenye nyumba za maduka za ghorofa moja zenye baraza, yule Mzungu akawa anasimama kila mlango mzuri. Mimi nilikuwa nautafuta mlango wowote wenye kiti.

Kule ziwani walikaanga sato. Begi langu lilikuwa limefika, suti ilikuwemo. Yule dada akasema, "Mzee, vaa sasa, tukupige picha." Nikamwambia aache. Nilikula samaki wangu nimevaa suruali ya shemeji.

"Umepita," akaniambia. "Hujaingia kwenye gari. Ukimaliza mambo ya ukweni nipigie tu, kundi la kwanza nitalianzishia Bunda."

Habari ilinitangulia nyumbani. Niliingia jioni nachechemea, mke wangu yuko jikoni, hakugeuka.

"Kaptula gani?"

"Ya baiskeli."

"Ilikuwa inabana?"

"Kidogo."

"Kaka amesema ilikuwa inaonyesha mpaka mawazo yako." Akafunika sufuria. "Mama yangu analala saa hizi na picha hiyo kichwani. Nenda kanunue huyo mtamba kabla hujaniambia una njaa."

Nilikwenda mnadani siku ya mnada nikachagua mtamba mwekundu, mzuri, sikutaka waseme nimeleta mfupa. Nikakodi lori dogo. Nilivaa suti, tai, na viatu vilivyofungwa, katika jua la saa saba, nikasimama nje ya boma mpaka nikaambiwa mama ameshaingia ndani. Mtamba akapita. Blanketi likapita, kanga zikapita, sukari ikapita, na kreti mbili za soda ambazo shemeji alizikumbuka dakika ya mwisho. Mzee mmoja akanyunyiza maji langoni akasema maneno yake. Halafu sauti ya mama mkwe ikatoka ndani, kwa lugha ya nyumbani, akiniuliza habari za wajukuu. Nikajibu nimeinamisha kichwa. Akauliza kama wale wageni wanakula ugali wa mtama na mlenda au wanataka wali.

"Wanakula chochote, mama," nikasema. "Wanakuja kuchoka."

Nikampigia yule dada nilipofika tu pale njia panda.

Kundi la kwanza lilijaza vyumba vyote kumi na viwili. Yule dada alitaka niwaongoze mwenyewe, akaniambia nimekuwa mwenyeji mzuri. Lakini wazee walishasema: mkwe haji na kila kundi, mkwe anakuja kwa taarifa. Kwa hiyo wageni wakiondoka mimi nasimama kwenye geti la gesti nawapungia mkono, wanazipita lori za pamba, wanapotea, nami narudi ndani kukaa. Magoti bado yananiuma nikipanda ngazi. Shuka zinafuliwa, madirisha yanafunguliwa kwa sababu kuna watu, na ile harufu imepungua.

Siku moja nilimwambia yule dada, kwa utani na bila utani, kwamba faini ya ukweni tungegawana, kwa sababu kaptula ilitoka upande wake. Akacheka sana. "Mzee, kaptula si tulikuazima bure?" Nikamwachia. Lakini jioni ile nilikaa mwenyewe pale mapokezi, nikajumlisha mtamba, ushuru wa mnada, lori, blanketi, kanga, sukari na soda, na suruali mpya niliyomnunulia shemeji kwa sababu ile yake haikurudi nzima. Ilinigharimu shilingi laki sita na elfu arobaini na tatu na mia tano.